Besi ya inchi 16: namna ya kujitengenezea drami ndogo inayoingia kwenye bajaji moja

Besi ya kawaida, ile ngoma kubwa ya drami inayopigwa kwa pedali ya mguu, ina kipenyo cha inchi 22, karibu sentimita 56. Ukiipakia kwenye bajaji hakuna tena pa kuweka tomu (zile ngoma ndogo zinazoizunguka) na stendi, wala pa kukaa wewe mwenyewe. Miaka mingi nilikwenda kwenye shughuli kwa safari mbili, ya kwanza vyombo, ya pili mimi, na nauli ikala nusu ya posho. Tabu hiyo iliisha siku nilipoichukua tomu ya chini ya inchi 16, ile inayosimama kwa miguu mitatu mkono wa kulia wa mpigaji, nikailaza ubavu na kuifanya besi.

Wazo si langu. Wapigaji wa jazi wa Marekani walizoea besi za inchi 18 zamani sana, kwa sababu kumbi zilikuwa finyu na vyombo vilisafiri kwa teksi. Ludwig, watengenezaji wa drami, nao wana seti iitwayo Breakbeats, iliyobuniwa pamoja na Questlove, mpiga drami wa kundi la The Roots. Besi yake ni ya inchi 16, tomu ya inchi 10, tomu ya chini ya inchi 13 na snea, ile ngoma yenye nyaya kwa chini, ya inchi 14. Vipimo hivyo ndivyo nilivyovifuata, ila yangu imetoka kwenye vyombo vilivyotumika, mbao za seremala na mkanda wa begi.

Nisikudanganye: inchi 16 haitanguruma kama inchi 22. Itakupa mdundo mfupi, mnene, wenye kishindo kifuani ukiwa karibu. Kwa harusi ya uani, ibada ya kanisa dogo au mazoezi ya nyumbani, unatosha na kubaki. Kwenye uwanja mkubwa utahitaji maikrofoni, na hata besi kubwa ingeihitaji.

Mzinga hautobolewi

Mzinga ni ule mwili wa mbao unaowambwa ngozi pande mbili. (Ngozi ya drami siku hizi ni ya plastiki, lakini jina limebaki, na mimi nalipenda libaki.) Mara ya kwanza nilipojaribu kazi hii nilitoboa matundu manne nikafunga miguu ya nondo iliyochomelewa. Mbao ya tabaka ikachanika kwa ndani pale drili ilipotokea, na tangu siku hiyo tomu ile ina mlio wa kukwaruza ambao sijaweza kuutoa. Kwa hiyo njia ninayoeleza hapa haina tundu hata moja. Usipoipenda, au siku ukihitaji tomu ya chini kwa shughuli kubwa, unafungua mkanda, unairudishia miguu yake, na hakuna kilichoharibika.

Kuchagua tomu

Tafuta tomu ya inchi 16 kwa kipenyo. Kina kiwe inchi 14 hadi 16. Usiangalie rangi, maana rangi tutaibadilisha. Angalia haya.

Pima kipenyo kwa futi katika njia nne, kama unavyokata chungwa. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, mzinga si duara tena, na ngozi haitakaa sawasawa hata ukae nayo usiku kucha. Gonga mbao kwa kifundo cha kidole kuuzunguka mzinga wote. Mahali panapotoa sauti iliyokufa, tabaka zimeachana. Vua rimu, ile pete inayoibana ngozi, uilaze juu ya kioo au sakafu ya vigae. Ikiyumba, imepinda. Kutu ya juu juu haina neno, kupinda ndiko kubaya.

Kisha zungusha kila skrubu ya kukazia, moja moja. Ukikuta lagi (kile chuma cha mzingani kinachopokea skrubu) iliyoliwa uzi, shusha bei au ondoka. Ukihitaji skrubu za kubadilisha, nenda dukani na mojawapo mkononi, kwa sababu watengenezaji hawatumii uzi wa aina moja, na skrubu inayoingia kwa nguvu mizunguko miwili ya kwanza ndiyo inayoua lagi.

Vishikio vya ile miguu mitatu viache palepale vilipo.

Kitako

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nilipowaona wenzangu wengi wakishindwa halafu wakailaumu tomu. Nyundo ya pedali imepimwa ipige kitovu cha besi ya inchi 20 au 22, kiasi cha sentimita 27 kutoka sakafuni. Tomu ya inchi 16 ikilazwa chini, kitovu chake kiko kwenye sentimita 22 tu. Nyundo inapiga juu ya kitovu, na sauti inatoka nyembamba kama unagonga debe. Unaweza kuishusha fimbo ya nyundo, lakini ukiishusha mno inakosa uzito na mguu unachoka kabla wimbo haujafika katikati. Dawa yake ni kuiinua tomu, si kuifupisha nyundo.

Vitu vinavyohitajika:

- plaiwudi ya milimita 12, urefu sentimita 46, upana sentimita 30
- vipande viwili vya mbao ngumu, mninga ukiupata, kila kimoja upana sentimita 13, kimo sentimita 6, unene sentimita 2.5
- tyubu kuukuu ya gari
- soli ya kandambili zilizochakaa
- mkanda wa begi wa upana wa sentimita 4, urefu mita 2, na kifungo chake
- gundi ya mbao na skrubu za sentimita 4

Vile vipande viwili vya mbao ndivyo vitakavyoibeba tomu, kwa hiyo juu vinachongwa mbonyeo unaofuata mviringo wa mzinga. Usihangaike na hesabu. Simamisha tomu juu ya kadibodi ya boksi, chora kuuzunguka mzinga (si rimu), kata, na utumie kadibodi hiyo kama kielelezo. Ongeza milimita 3 za unene wa mpira utakaotandikwa. Kwa upana wa sentimita 13, mbonyeo unashuka sentimita 1 hivi katikati, kwa hiyo pale chini kabisa mbao inabaki na kimo cha sentimita 5. Kata kwa msumeno mwembamba, malizia kwa tupa na msasa, kisha gandisha mpira wa tyubu.

Kwa nini sentimita 13? Tomu ya inchi 16 mara nyingi ina lagi 8 kila upande, na kutoka lagi hadi lagi ni sentimita 16. Kipande kikizidi upana huo kitagonga lagi. Izungushe tomu mpaka upate nafasi kati ya lagi mbili isiyo na kishikio cha mguu. Huo ndio upande wa chini.

Sasa jumlisha kimo. Soli ya kandambili karibu sentimita 1, plaiwudi 1.2, mbao 5, mpira 0.3: mzinga unaanza sentimita 7.5 juu ya sakafu. Nusu ya kipenyo ni sentimita 20 na kidogo. Kitovu kinafika kwenye sentimita 28 hivi, palepale nyundo inapopapenda.

Usigandishe bado. Panga kila kitu kikiwa kikavu, funga pedali kwenye ukingo wa plaiwudi ulio upande wako, na uisogeze tomu mbele na nyuma. Ukingo huo utokeze kama sentimita 3 kuipita ngozi, kwa sababu pedali imezoea kushika pete ya besi ambayo nayo hutokeza hivyo. Kanyaga. Nyundo iguse ngozi ikiwa imesimama wima au imebakiza kidogo kusimama. Ikiifikia ngozi mapema, ikiwa bado imeegemea kwako, tomu iko karibu mno. Ikiisha kulala mbele ndipo iguse, iko mbali mno. Pakikaa sawa, weka alama za penseli, paka gundi, kisha kaza skrubu kutokea chini. Tangulia kutoboa njia ya skrubu, maana mninga hupasuka kwa kiburi.

Taya ya pedali hushika kitu chembamba. Plaiwudi ya milimita 12 inaweza kukataa. Ipunguze kwa randa kutoka chini, pale katikati ya ukingo tu, mpaka ibaki milimita 8. Ukitaka idumu, gandisha juu yake kipande cha bati nene ili taya isiitafune mbao.

Mwisho toboa nafasi mbili ndefu kwenye plaiwudi, kulia na kushoto, upitishe mkanda. Mkanda unazunguka tumbo la tomu katikati na kufungwa juu. Uwe wa kubana tu, si wa kukaba. Gandisha vipande vinne vya soli kwenye pembe.

Jambo moja limebaki: besi nyepesi hukimbia. Ukipiga kwa nguvu, mwisho wa wimbo wa tatu itakuwa imeshasogea hatua moja mbele. Funga kamba kutoka kwenye kitako hadi mguu wa kigoda unachokalia. Uzito wako ndio nanga. Tangu nifanye hivyo sijahitaji zulia lenye misumari wala jiwe.

Ukingo wa mzinga

Ukivua ngozi utauona ukingo wa mbao unaobeba ngozi, umechongwa kwa mshazari, mara nyingi nyuzi 45. Sauti yote inapita hapo. Uweke mzinga juu ya kioo, zima taa, washa tochi kwa ndani. Mwanga ukipenya mahali, pana bonde. Bonde dogo linaondoka kwa kugandisha msasa namba 150 juu ya kioo na kuuzungusha mzinga taratibu kwa uzito wake wenyewe, robo duara kila mara, halafu msasa namba 220. Acha mara tu mwanga unapokatika. Kuchonga mshazari upya ni kazi ya fundi mwenye mashine, na kwa mkono nakukataza kabisa.

Malizia kwa kusugua nta ya mshumaa kwenye ukingo wote. Ngozi itateleza vizuri wakati wa kukaza, na unyevu wa pwani hautaingia kwenye mbao iliyo wazi. Skrubu nazo zipake grisi kidogo kila moja, kwa sababu hewa ya bahari haina huruma na chuma.

Kuwamba

Wazee wetu waliwamba ngozi ya mbuzi, wakaianika, na kabla ya kucheza wakaipasha motoni ili ikaze. Plastiki haihitaji moto. Sheria ya kuvuta ngozi ndiyo haijabadilika. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, husemwa juu ya watu wenye choyo; kwa fundi wa drami ni onyo la kazi, kwa sababu ngozi iliyovutwa upande mmoja hulia sauti mbili zinazogombana.

Upande wa nyundo weka ngozi ya tabaka mbili. Ya tabaka moja itatoboka mapema, na sauti yake ni ya tomu, si ya besi. Kaza skrubu zote kwa vidole mpaka zigome. Kisha shika ufunguo, nusu mzunguko kila skrubu, ukivuka kwenda upande wa pili kila mara: ya 1 na ya 5, ya 3 na ya 7, ya 2 na ya 6, ya 4 na ya 8. Weka kiganja katikati ya ngozi, bonyeza kwa uzito wa mwili. Utasikia gundi ya ukingo wa ngozi ikilialia. Usiogope, inakaa mahali pake.

Sasa gonga kwa kidole sentimita 3 kutoka kila skrubu, ukiwa umegusa katikati kwa kidole kingine. Skrubu inayotoa sauti ya juu ilegeze, ya chini ikaze, robo mzunguko au chini ya hapo. Hapa ndipo muda unapokwenda. Mimi hukaa dakika 20 kwa ngozi moja, na sizioni kuwa nyingi.

Kwa besi hii, upande wa nyundo uwe legelege: mikunjo ikishatoweka ongeza robo mzunguko, basi. Upande wa mbele uwe juu zaidi, kama nusu mzunguko. Ukiiacha usiku mmoja, asubuhi utaikuta imeshuka, irudie.

Wengi hukata tundu kwenye ngozi ya mbele. Kwa inchi 16 naomba usifanye hivyo mwanzoni. Mzinga ni mdogo, na hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inayoupa unene. Ukiona sauti inavuta mno, chukua kitambaa cha blanketi cha upana wa sentimita 5, kipitishe chini ya ngozi ya nyundo kutoka ukingo hadi ukingo, theluthi moja ya njia kutoka pembeni, kisha kaza rimu juu yake. Ni mbinu ya zamani kuliko mito wanayojaza watu ndani ya besi, na kwangu ni bora, kwa kuwa hufupisha mlio bila kuuua. Pale nyundo inapogonga gandisha kiraka cha ngozi ya viatu, mduara wa sentimita 6.

Tomu nyingine na snea

Hapa pepesi. Tomu ya inchi 10 ikalishe kwenye stendi ya snea ya pili, kwa hiyo huhitaji chuma chochote juu ya besi. Tomu ya inchi 13 inabaki na miguu yake. Shusha kila kitu kidogo kuliko ulivyozoea, kwa kuwa besi fupi haikuzuii.

Snea itakusumbua kwa kitu kimoja: ukipiga tomu, nyaya zake zinatetema zenyewe. Kabla ya kuzifungia karatasi, badilisha kidogo mkazo wa tomu ili sauti yake isikutane na ya snea. Ikishindikana, legeza robo mzunguko zile skrubu nne za chini zilizo kando ya ncha za nyaya. Mara nyingi hapo panatosha.

Kuvalisha kanga

Hii ndiyo sehemu niipendayo. Vua vyuma vyote, vipange kwenye sahani kwa mpangilio wake, piga msasa mzinga wote, ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa besi, kitenge: kata kipande cha sentimita 135 kwa urefu wa nguo, upana pungufu ya kina cha mzinga kwa sentimita 3. Kwa tomu ya inchi 13, ambayo mzunguko wake ni sentimita 104, kanga inatosha vizuri. Kata ukilipata jina la kanga katikati ya kipande, ulielekeze upande wa wasikilizaji. Chagua jina ambalo uko tayari kulisimamia mbele ya mashemeji.

Fua nguo kwanza ili wanga utoke, na uipige pasi. Paka mzinga gundi ya mbao iliyopunguzwa kwa maji kidogo, anzia mahali patakapofichwa na safu ya lagi, laza nguo ukiisukuma kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Mwisho upishane sentimita 2. Pande zote mbili, nguo iishie sentimita 1.5 kabla ya ukingo, ikifika kwenye mshazari ngozi haitakaa, na kazi yote ya msasa itakuwa bure. Acha ikauke siku nzima. Tundu za lagi zifungue kutokea ndani kwa wembe, alama ya msalaba, kisha ukunjie ncha ndani.

Vanishi ya maji, tabaka tatu nyembamba. Kati ya tabaka na tabaka pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi sana. Usipake siku ya mvua, vanishi huwa na ukungu mweupe ambao hautoki.

Kwa mabaki yanayobaki

Kile kipande cha plaiwudi kilichobaki kifanye pedi ya mazoezi: mraba wa sentimita 25, mpira wa tyubu umevutwa juu yake na kupigiliwa misumari midogo kwa chini, nao umetandikwa sponji nyembamba kati. Mkono unarudi kama kwenye snea, na jirani halalamiki. Nyumbani kwangu msikiti uko nyumba ya tatu, na adhana inapoanza pedi nayo inanyamaza.

Vizibo vya soda vibonde kwa nyundo viwe bapa, toa utando wa ndani, toboa kwa msumari, vitunge sita kwenye waya mgumu na uufunge kwenye fimbo ya haihati (zile toazi mbili zinazogonganishwa kwa mguu) juu ya toazi. Kila ukikanyaga vinalia kama njuga. Katika chakacha hiyo ndiyo sauti iliyokuwa inakosekana kwenye drami, na sasa waimbaji huniuliza kabla ya shughuli kama nimezibeba.

Kupakia kwenye bajaji: kitako kwanza, kimelala sakafuni, besi juu yake imefungwa mkanda wake, tomu ya inchi 13 kwenye kiti upande wa mlango, snea na tomu ndogo mapajani. Stendi na toazi zipite nyuma ya kiti, zikiwa zimeviringishwa kwenye mkeka ule ule utakaoutandika chini ya drami ukifika.